KIDONGE CHA SIRI NYUMBANI

Somo kwa wanandoa: mwenzi wako anapozidiwa na huzuni, na chupa ya vidonge vya "asili" inapoingia nyumbani



Katika somo la leo tutazungumza juu ya kitu kidogo sana, ambacho kikimezwa kwa siri kinaweza kuleta hatari kubwa nyumbani. Ni kidonge kiitwacho 5-HTP. Huuzwa kama kirutubisho cha ziada, kwa maneno matamu: kwamba kinaleta furaha na usingizi, kwamba kinatuliza moyo, tena ni cha asili kabisa. Katika nchi nyingine ni dawa ya hospitali na huitwa oksitriptani. Hapa kwetu Isiolo wengi hawajakisikia. Lakini siku hizi mtu aliye na ndugu ng'ambo, au aliye na simu ya kununulia vitu, anaweza kukipata bila kuulizwa swali lolote na daktari.

Someni somo hili mkiwa wawili. Mmoja asome kwa sauti, mwingine asikilize. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana na zoezi moja la kufanya usiku huu huu.

1. TUANZE NA MFANO

Tuseme kuna mume na mke wanaokaa mtaa mmoja hapa mjini. Huu ni mfano wa kufundishia tu, kwa hiyo msianze kumtafuta jirani.

Mume alikuwa na ng'ombe upande wa Merti. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Wote tunakumbuka mizoga kando ya barabara; nchi nzima ilipoteza mifugo zaidi ya milioni mbili. Bwana huyu alibaki na mbuzi wachache. Tangu hapo hana usingizi. Chakula anakisukuma kando. Akiulizwa jambo, hufoka au hunyamaza. Jioni anakaa na wenzake wakitafuna miraa hadi usiku wa manane, na akirudi nyumbani analala akitazama mabati.

Mwishowe akaenda hospitali peke yake. Akaambiwa ana ugonjwa wa sonona, akapewa vidonge vya fluoksetini. Lakini aliona aibu kuwa mwanamume anayemeza "dawa za kichwa". Akavificha ndani ya sanduku la spana.

Mke naye ana macho. Ameona mumewe hamwangalii tena, hata kitandani wamekuwa kama wageni wawili waliokutana ndani ya basi. Kwanza alifikiri kuna mwanamke mwingine. Baadaye alifikiri amerogwa. Hatimaye akamweleza dada yake aliye Marekani, naye akatuma chupa ya 5-HTP na kusema, "Huku watu wanavimeza tu, ni mimea." Mke alijua mumewe angekataa. Basi jioni akafungua kidonge, akamwaga unga wake ndani ya chai, akakoroga na sukari.

Usiku ule mume akaanza kutetemeka na kutoka jasho. Moyo ukaenda mbio, tumbo likaharisha, mwili ukapata joto, na maneno yake yakawa hayaeleweki. Mke akadhani ni malaria. Hakusema habari za chai, na mume hakusema habari za sanduku la spana.

Tazameni jambo hili vizuri. Hapa hakuna adui. Mume alificha ili mkewe asimdharau. Mke alificha ili mumewe apone. Kila mmoja alikuwa na dawa mkononi, na hakuna aliyekuwa na habari za mwenzake. Ili tuelewe kwa nini upendo huo wa kimya ulikaribia kuua, ni lazima tujue sonona ni nini na kidonge hiki kinafanya nini mwilini.

2. SONONA SI UVIVU WALA LAANA

Kila mtu huhuzunika. Ukifiwa utalia, ukipoteza mali utakosa usingizi siku kadhaa. Sonona ni zaidi ya hapo. Ni huzuni au utupu wa moyo unaodumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hadi mtu anashindwa na kazi zake za kawaida. Hafurahii tena yale aliyokuwa akiyafurahia. Usingizi hupotea, au huzidi. Chakula hakina ladha. Mwili ni mzito, akili haitulii, na mtu hujiona hana thamani. Wengine hufikia kutamani kufa.

Kwa akina mama huweza kuja wakati wa ujauzito au baada ya kujifungua. Mama ana mtoto mchanga mzuri kifuani, na bado analia bila kujua sababu. Kwa akina baba mara nyingi huvaa nguo nyingine: hasira, pombe, ukali kwa watoto, kutokaa nyumbani. Kwa hiyo mke hudhani ameolewa na mtu mbaya, kumbe ameolewa na mgonjwa.

Wako wanaosema kwamba Mkristo mwenye imani hawezi kupatwa na ugonjwa huu. Hayo si kweli. Sala haishindani na dawa. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatufundisha kumheshimu tabibu na kusali pia, yote mawili kwa pamoja. Anayemwambia mgonjwa wa sonona "sali tu utapona" na kumzuia kwenda hospitali anamwongezea mzigo wa pili, yaani hatia.

3. KIDONGE CHA 5-HTP KINAFANYA NINI

Hapa tutaingia kidogo katika sayansi, lakini msiogope. Tutapita njia ya jikoni.

Nyama, maziwa na maharagwe tunayokula yana protini. Tumboni protini huvunjwa kuwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Kimojawapo huitwa triptofani. Mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe, ni lazima tuile. Iligunduliwa mwaka 1901 na Waingereza wawili, Frederick Gowland Hopkins na mwenzake Sydney Cole, nao waliipata ndani ya protini ya maziwa.

Mwili huigeuza triptofani kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza inakuwa 5-HTP. Hatua ya pili 5-HTP inakuwa serotonini. Serotonini ni mjumbe anayepeleka habari kutoka chembe moja ya neva hadi nyingine, naye anahusika na hali ya moyo, usingizi, hamu ya chakula na mwendo wa matumbo. Wataalamu waliitenga kutoka katika damu mwaka 1948 huko Cleveland, Marekani. Wengi hushangaa wakiambiwa kwamba karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili haiko kichwani, iko matumboni. Ndiyo sababu mtu anayemeza 5-HTP mara nyingi hupata kichefuchefu, kutapika au kuharisha.

Sasa fikirini mahindi, unga na ugali. Triptofani ni mahindi. 5-HTP ni unga. Serotonini ni ugali ulio mezani. Kati ya mahindi na unga kuna kinu cha kusaga, na kinu kina kasi yake. Hata ukipeleka magunia kumi kwa siku moja, kitasaga kwa mwendo wake ule ule. Hivyo ndivyo mwili unavyojilinda usipike kupita kiasi.

Kidonge cha 5-HTP ni unga uliokwisha kusagwa. Kinaruka foleni ya kinu na kwenda moja kwa moja jikoni, na mpishi anapika chochote anacholetewa. Tena 5-HTP huweza kupita kutoka katika damu na kuingia ubongoni, jambo ambalo serotonini yenyewe haiwezi. Hapo ndipo nguvu yake ilipo, na hapo hapo ndipo hatari yake ilipo.

Dawa kama fluoksetini hufanya kazi tofauti. Hazileti unga, bali huzuia ugali usiondolewe mezani upesi, ili uliopo ukae zaidi. Daktari hupima kipimo akijua jiko la mgonjwa linapika kiasi cha kawaida. Sasa mtu akileta gunia la unga kwa siri kupitia mlango wa nyuma, huku mwingine akizuia sahani zisiondolewe, meza itafanyaje? Itafurika. Kufurika huko ndiko kulikompata yule bwana wa mfano wetu.

4. JE, KINATIBU KWELI?

Hili ni swali la haki, na jibu lake si "ndiyo" wala "hapana" ya mkato.

Mwaka 2002 mtandao wa kitaalamu wa Cochrane ulichapisha mapitio ya tafiti zote zilizopatikana juu ya triptofani na 5-HTP kwa wagonjwa wa sonona. Zilipatikana tafiti 108. Zilipochekechwa kama mchele, ni mbili tu zilizokuwa zimefanywa kwa namna ya kuaminika, na kwa jumla zilikuwa na wagonjwa 64. Katika hizo mbili, waliomeza walipata nafuu kuliko waliopewa vidonge vitupu. Lakini wataalamu walisema wazi kwamba ushahidi huo ni mdogo mno kuweza kutegemewa, na kwamba ziko dawa nyingine ambazo manufaa na usalama wake vimethibitishwa.

Tena msidhani kwamba sonona ni upungufu wa serotonini tu, kama vile gari lililoishiwa mafuta. Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha London walipitia tafiti za miaka mingi, na hawakuona ushahidi thabiti kwamba ugonjwa huu unatokana na serotonini kuwa kidogo. Dawa za hospitali huwasaidia wagonjwa wengi, lakini njia zinazopita ni ngumu kuliko maneno yaliyoandikwa kwenye chupa. Msiba, deni, ukame, ugomvi wa ndoa, vipigo vya utotoni, ugonjwa wa mwili: vyote humo vimo. Kidonge cha furaha hakiwezi kumrudisha ng'ombe aliyekufa wala kulipa karo ya shule.

5. "NI CHA ASILI" SI KUSEMA "NI SALAMA"

5-HTP inayouzwa hutolewa hasa katika mbegu za mmea wa Afrika Magharibi uitwao kitaalamu Griffonia simplicifolia, unaoota katika nchi kama Ghana na Côte d'Ivoire. Ni kweli basi kwamba chanzo chake ni mmea. Lakini hata sumu ambayo wazee wetu walipaka kwenye mishale ilitoka katika mti, tena wa hapa hapa Kenya. Mmea wenye nguvu ya kuponya una nguvu ya kudhuru. Jambo kubwa ni kipimo, mtu anayetumia, na vitu anavyochanganya.

Pia kuna jambo la usafi wa kiwanda. Mwaka 1989 huko Marekani watu waliokuwa wakimeza vidonge vya triptofani, dada yake 5-HTP, walianza kuugua maumivu makali ya misuli na mabadiliko mabaya ya damu. Waliougua walizidi 1,500, na 37 hivi walikufa. Uchunguzi uliwaelekeza wataalamu kwenye kiwanda kimoja cha Japani na uchafu ulioingia wakati wa kutengeneza. Watu hao walifikiri wanameza chakula tu. Hata leo, kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1994, mwenye kuuza kirutubisho cha ziada halazimiki kuthibitisha kwanza kwamba kinatibu. Kwa hiyo neno "kinatoka Marekani" peke yake si cheti.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuchanganya. Mtu asimeze 5-HTP bila daktari ikiwa anatumia mojawapo ya hizi:

(a) Dawa za sonona, kama fluoksetini au amitriptilini. Hata aliyeacha fluoksetini ajihadhari, kwa maana hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, pengine hata tano.

(b) Tramadoli, dawa ya maumivu ambayo watu wengi huinunua kiholela.

(c) Dawa za kikohozi zenye dekstromethofani. Someni maandishi ya chupa.

(d) Linezolidi, ambayo hutumika kutibu kifua kikuu sugu. Sisi tunaokaa katika kaunti zenye kifua kikuu tusilisahau hili.

Mama mjamzito na mama anayenyonyesha wasikitumie, kwa kuwa usalama wake kwa mtoto haujathibitishwa. Watoto wasipewe kabisa.

Dalili za serotonini kufurika ni hizi: kutetemeka na misuli kukazana au kurukaruka, jasho jingi, moyo kwenda mbio, kuharisha, wasiwasi mkubwa, joto la mwili kupanda, na kuchanganyikiwa. Mara nyingi huanza ndani ya saa chache, katika siku ile ile dawa ilipoongezwa. Msingoje asubuhi, wala msimpe mgonjwa dawa ya malaria kwa kubahatisha. Mpelekeni hospitali mara moja, na mbebe kila chupa na kila pakiti iliyomo nyumbani. Hapo ndipo siri huweza kuua: daktari hawezi kutibu asichokijua.

6. VIPI KUHUSU CHAKULA?

Wengine watauliza: ikiwa triptofani iko ndani ya chakula, je, tusile tu? Ndiyo, tule, lakini tujue mpaka wake.

Mtu mzima mwenye kilo 60 anahitaji yapata miligramu 240 za triptofani kwa siku. Nusu lita ya maziwa ya ng'ombe hutoa miligramu 200 au zaidi. Mayai, nyama, samaki, karanga, simsim na maharagwe vinayo pia. Mahindi ndiyo maskini wa triptofani. Ndiyo maana wenzetu wa Meru walifanya jambo la busara tangu zamani walipochanganya mahindi na maharagwe katika sufuria moja ya githeri. Maharagwe huleta kile ambacho mahindi hayana.

Taabu huja pale nyumba inapobaki na ugali mtupu. Mwili hutumia triptofani pia kutengenezea vitamini moja iitwayo niasini. Vikikosekana vyote viwili huja ugonjwa wa pelagra: ngozi hubabuka palipopigwa na jua, tumbo huharisha, na akili huvurugika. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipokosa karanga katika posho yao na kubaki na mahindi, zaidi ya 17,000 waliugua pelagra. Basi wakati wa ukame, mama mwenye shilingi chache akanunua kikombe cha maharagwe, hajapoteza pesa. Na hapa Isiolo, ambapo akina mama huuza maziwa ya ngamia hata kuyatuma Nairobi, ni vizuri kikombe kimoja kibaki nyumbani kwa ajili ya familia.

Lakini chakula hakitibu sonona peke yake. Triptofani ya chakula hugombania mlango wa ubongo na asidi amino nyingine nyingi, kwa hiyo kula maziwa zaidi hakumaanishi serotonini zaidi kichwani. Mlishe mgonjwa wako vizuri kwa sababu mwili dhaifu hubeba huzuni kwa shida. Halafu mpeleke hospitali.

7. NINYI WAWILI MFANYE NINI

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Katika ndoa tunaweza kuongeza: mficha kidonge haponi. Yafuatayo yatawasaidia.

Kwanza, zungumzeni bila hukumu. Chagueni wakati ambapo watoto wamelala na hakuna mwenye haraka. Usianze kwa "Siku hizi umekuwa mtu gani?" Anza na ulichokiona kwa macho: "Baba watoto, naona hulali, na chakula hukigusi. Sikuulizi ili nikulaumu. Niambie unachobeba, tukibebe wawili." Halafu nyamaza. Mwenye sonona huchukua muda kupata maneno. Asiposema leo, keti naye kesho.

Pili, nendeni hospitali pamoja. Anzeni katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika mtaelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Isiolo, na kwa matatizo mazito zaidi iko Mathari, Nairobi. Si kila mgonjwa atapewa vidonge. Sonona isiyo kali mara nyingi huanza kutibiwa kwa ushauri na mazungumzo. Waambieni wahudumu kila kitu: dawa za miti shamba, miraa, pombe, na kirutubisho chochote. Miraa hufukuza usingizi, na mgonjwa wa sonona asiye na usingizi ni kama mtu anayechota maji kwa kapu.

Tatu, vumilieni dawa. Dawa za sonona hazifanyi kazi kama za maumivu ya kichwa. Huchukua wiki mbili hadi nne kabla nafuu haijaonekana, wakati madhara madogo yameshaanza tangu siku za mwanzo. Hapo ndipo wengi huacha na kukimbilia chupa ya rafiki. Msiache ghafula. Mkiona dawa haifai, rudini kwa aliyeiandika.

Nne, zungumzeni juu ya tendo la ndoa. Ni jambo la aibu kwa wengi, lakini ukurasa huu ni wa watu wazima waliofunga ndoa. Sonona yenyewe hupunguza hamu. Dawa kama fluoksetini nazo zinaweza kuipunguza au kuchelewesha utimilifu, kwa mume na kwa mke pia. Asiyejua hudhani hapendwi tena, au anashuku kuna mwingine nje. Anayejua humshika mwenzake mkono na kusubiri. Mwambieni daktari, kwa maana anaweza kubadilisha kipimo au dawa. Nyumba ngapi zimevunjika kwa kosa la kidonge ambacho mmoja hakujua kwamba mwenzake anakimeza!

Tano, usimnyweshe mwenzako dawa kwa siri. Si katika chai, si katika uji, hata kama moyo wako ni safi. Mwili wake ni wake pia, na anayo haki ya kujua kinachoingia ndani yake. Siku atakapogundua, hatakunywa tena chai yako kwa amani.

Sita, tunzeni heshima ya mgonjwa. Iko siri ya wawili na iko siri baina ya wawili. Siri baina ya wawili huwatenganisha. Siri ya wawili huwaunganisha. Habari za ugonjwa wa mwenzako si za kupeleka sokoni wala kisimani, na hata katika Jumuiya ziombewe kwa idhini yake.

8. AKITAJA KIFO

Mwenzako akisema "afadhali nife", usicheke wala usimkemee. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo jipya, bali humfungulia mlango. Usimwache peke yake. Ondoa karibu naye kamba, dawa ya kuoshea mifugo, na akiba ya vidonge. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bure.

Zamani familia nyingi ziliogopa kwenda hospitali kwa sababu kujaribu kujiua lilikuwa kosa la jinai. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichowaadhibu watu hao, kinapingana na Katiba. Mtu wa namna hiyo ni mgonjwa wa kutibiwa. Mkimbize hospitali kama vile ungemkimbiza aliyeumwa na nyoka.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, kuna dawa, mitishamba au kirutubisho ninachokitumia ambacho mwenzangu hakijui? Ni nini kinachonifanya nikifiche?

2. Ninapohuzunika sana, mwenzangu hutambua kwa dalili gani? Mwambieni kila mmoja anachokiona kwa mwenziwe.

3. Katika ukoo wetu, mtu akiugua moyo na akili huitwa majina gani? Watoto wetu wanasikia nini kutoka kwetu?

4. Mmoja wetu akishindwa kusema, ni mtu gani tunayemwamini sote wawili ambaye anaweza kutusaidia kufika hospitali?

ZOEZI LA USIKU HUU

Watoto wakishalala, kila mmoja alete mezani kila kidonge, chupa na pakiti aliyo nayo: za kwenye mkoba, za chini ya godoro, za ndani ya gari, za kwenye sanduku la kazi. Msiulizane "kwa nini ulificha?" kabla ya kumaliza kuvitoa vyote. Andikeni majina yake kwenye karatasi moja, mkitaja nani anatumia nini na tangu lini. Karatasi hiyo iwekeni pamoja na kadi za hospitali, na mwende nayo kila mnapomwona daktari. Visivyojulikana ni vya nini, vipelekeni kwa mhudumu wa duka la dawa lililosajiliwa mkamwulize.

Siku ya harusi mliahidiana kuwa pamoja katika afya na katika ugonjwa. Hamkuahidi kuwa madaktari, bali kuwa pamoja. Mwenye huzuni nzito anahitaji daktari wa kumpa dawa inayofaa, na anahitaji mwenzi anayejua ni dawa gani. Kazi ya kwanza si yenu. Hiyo ya pili hakuna mwingine wa kuwafanyia.